Mkata Funguo na Kompyuta ya Opereta

Fundi Funguo alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari aliyewahi kuutibu: hakuweza kuvumilia kuambiwa kwamba kitu hakiingii. Miaka thelathini na minne alikaa kwenye kibanda chake kando ya barabara, kibanda chenye upana wa mlango mmoja na nusu, akichonga funguo. Watu walimletea makufuli yaliyoota kutu, milango iliyojifunga yenyewe, masanduku ya marehemu ambayo hakuna aliyejua ufunguo umewekwa wapi. Wote aliwajibu neno moja tu, "Itaingia." Na kweli iliingia. Alipiga tupa kidogo, akajaribu, akapuliza vumbi la shaba, akapiga tena, mwishowe kufuli likasalimu amri. Mtu akishinda namna hiyo kila siku kwa miaka thelathini na minne, lazima kichwa kimvimbe, na chake kilikuwa kimevimba kiasi chake.

Nyumbani ilikuwa habari nyingine. Nyumbani alikuwa akiua vitu. Alirekebisha pasi, ikaacha kupata moto. Alirekebisha feni, ikawa inazunguka kwa kelele kama inasaga kokoto, halafu ikanyamaza moja kwa moja. Cherehani ya mkewe aliitia mafuta pale pasipotaka mafuta, ikayatema yote kwenye shuka mpya. Na tuseme ukweli, hakuna hata kimoja kati ya hivyo alichoombwa kukigusa. Alikuwa anapita tu, akasikia kitu kinakwaruza, mikono ikamwasha.

Mkewe aliitwa Opereta na mtaa mzima, kwa sababu kabla ya kustaafu alikaa miaka mingi katika chumba kidogo cha hospitali akipokea simu na kuziunganisha. Alikuwa na sauti tulivu, ya kumfanya hata mwenye msiba ashushe pumzi kabla ya kueleza shida yake. Habari za pasi na feni alizigeuza mzaha. Wageni wakija aliwaonyesha feni juu ya kabati na kuwaambia, "Huyu naye alisaidiwa na mume wangu." Fundi alicheka pamoja nao, maana afanye nini?

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo halikuwahi kuwa mzaha. Opereta alikuwa na kanda ya kaseti ya marehemu mama yake, mama akisimulia siku Opereta alipozaliwa, akikatiza hadithi mara kwa mara kwa kucheka. Redio kaseti yao ilikuwa na mkwaruzo. Siku moja, mkewe akiwa kazini, Fundi aliifungua, akabana hapa, akalegeza pale, kisha katika kanda zote zilizokuwamo nyumbani akatia ileile ajaribie. Redio ikaitafuna. Kibaya zaidi, hakusema. Aliificha ile kanda iliyosokotana chini ya kabati kwa majuma mawili, akitafuta namna ya kuiunga, mpaka Opereta alipoikuta mwenyewe wakati akifagia. Hakupiga kelele. Alikaa sakafuni akaikusanya mapajani, na kwa siku tatu hakumsemesha mumewe hata neno la salamu. Miaka kumi na mmoja ilikuwa imepita, na Fundi akisikia ufagio unapita chini ya kabati, hadi leo hutoka nje.

Opereta alipostaafu, shule moja ya wanafunzi wasioona ilimwomba awasomee vitabu vya masomo na kuvirekodi, kwa kuwa vitabu vyao vya nukta nundu, vinavyosomwa kwa vidole, havikutosha. Alikubali palepale. Alirekodia ndani ya kabati la nguo, mlango umefungwa, amebanana na makoti na magauni, kwa sababu nguo humeza mwangwi. Mgeni akibisha hodi wakati huo, kazi ya Fundi ilikuwa kutoka nje na kidole mdomoni.

Kompyuta aliyoitumia kwa kazi hiyo aliiunda kwa mikono yake. Kasha lilitoka kwenye ofisi iliyofungwa, diski aliipata kwa mtu aliyekuwa akihama, na vingine alivinunua kimoja kimoja. Kila kipande alikisoma kwanza kwenye simu, miwani puani, akiuliza na kuulizia kama mtu anayechunguza ukoo wa mkwe. Ilimchukua mwaka mmoja na miezi miwili. Siku ilipowaka mara ya kwanza, alikaa akiitazama taa yake ndogo ya buluu, akasema, "Mtoto amelia." Fundi alikuwa amesimama nyuma yake. Hakuwa amefunga hata skrubu moja mle ndani. Kila alipojaribu kusogea, aliambiwa, "Baba, hapo hapo panatosha."

Mtoto huyo alikuwa na kasoro ya kumbukumbu. Ram, kama mafundi wanavyoiita, ni kipande chembamba chenye meno ya rangi ya dhahabu upande mmoja, kinachochomekwa kwenye ule ubao mkubwa wa ndani, madabodi. Ndiyo meza ya kazi ya kompyuta, na meza ya Opereta ilikuwa ndogo mno. Alianza na kipande kimoja hafifu, na kila alipofika kwenye sura ndefu, mashine iliganda katikati ya kusafisha sauti na kupoteza kila kitu. Sura ya nne ya kitabu cha baiolojia aliisoma mara tatu. Shule ilikuwa karibu kufunguliwa, na wanafunzi kumi na tisa walikuwa wakisubiri kitabu hicho.

"Nataka vipande viwili, vya pakiti moja," alimweleza mumewe siku moja wakila. "Vimepimwa pamoja kiwandani. Ukichanganya chenye mbio na kizito, vyote vinakwenda kwa mwendo wa kile kizito."

"Kama ndoa," alisema Fundi.

"Kama hii yetu," alijibu Opereta, wakacheka wote wawili. "Vya laptop ni vifupi, hivyo hata wewe utavitambua. Vibaya ni vya seva, zile kompyuta kubwa za maofisini. Vinaingia vizuri kabisa, halafu mashine haiwaki."

"Kama kinaingia, kitaachaje kuwaka?"

"Kuingia ni jambo moja, baba. Kuelewana ni jambo jingine."

Fundi aliitikia kwa adabu, lakini moyoni hakuamini. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona ufunguo ulioingia na kuzunguka, halafu mlango ukakataa kufunguka.

Jumapili ikaja habari kwamba dada mkubwa wa Opereta ameteleza akavunjika mguu na hana wa kumwangalia. Opereta alifunga begi harakaharaka. Akiwa mlangoni, alimpa mumewe karatasi. Aliiandika kwa herufi kubwa, maana anamjua mtu wake: RAM. DDR4, yaani aina ya NNE. Vipande VIWILI vya pakiti moja, GB 8 kila kimoja, kasi 3200. Ya kompyuta ya mezani. Si ya laptop, si ya seva. Ukinunua weka mezani, nitachomeka mwenyewe.

"Nikirudi Jumamosi nizikute," alisema. "Nina siku moja tu ya kumaliza kitabu."

Fundi aliikunja ile karatasi akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo. Kwa mara ya kwanza tangu kompyuta ile ianze kuundwa, alipewa kazi. Alilala usingizi mnono siku hiyo.

Jumatatu alifunga kibanda saa nne asubuhi akaenda duka la vipuri. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, mtu wa maneno machache, anayevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Aliisoma karatasi, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, akamrudishia.

"Huyu aliyeandika anajua anachotaka," alisema. "Lakini za nne zimeisha, mzee. Mzigo unaingia Ijumaa. Nilizonazo ni za tatu."

"Mbili? Za pakiti moja?"

"Za pakiti moja, ndio. Ila ni za tatu, na mashine yenu ni ya nne. Haitaingia."

Sasa, kumwambia Fundi Funguo maneno hayo ni kumchokoza mtu aliyekaa kimya. Na kulikuwa na hili pia: katika makasha yake pale kibandani, funguo mbichi, zile ambazo hazijachongwa, alizipanga kwa namba za unene. Namba tatu ni nene, namba nne nyembamba zaidi. Ukiishiwa na namba nne, unachukua namba tatu, unaipiga tupa mpaka inakuwa namba nne, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika. Kwa hiyo mama yule aliposema anayo ya tatu, Fundi alisikia kwamba anayo ya nne ambayo haijamaliziwa. Alijiambia kwamba kusubiri hadi Ijumaa kwa kazi ya nusu saa ni uvivu.

"Nifungie," alisema.

"Mzee, sikiliza. Ona huu mwanya hapa katikati ya meno. Kwenye ya nne uko mahali pengine. Wameuhamisha makusudi, ili mtu asikosee."

Fundi aliinamia kioo cha kaunta akautazama ule mwanya. Tofauti yenyewe ilikuwa ya milimita chache. Nusura acheke.

"Nimekuelewa, mama. Nifungie."

"Ikishatoka hapa sirudishi."

"Sitakurudishia."

Alikaa kibandani kwake hadi alasiri. Wateja wawili aliwaambia waje kesho. Alibana kipande cha kwanza kwenye jiriwa, akakizungushia kitambaa kisikwaruzike, akachukua tupa yake nyembamba kuliko zote, ile anayofanyia kufuli za masanduku ya mapambo. Alipanua mwanya kuelekea upande mmoja, taratibu, akipima kwa jicho na kipande cha zamani alichokuwa amepita nyumbani kukichomoa kwenye kompyuta. Tupa ilikula meno kadhaa ya dhahabu njiani. Hayo hayakumtisha, yalikuwa mengi, na kwenye ufunguo meno ndiyo hasa huliwa. Kingo alizilainisha kidogo, akapuliza vumbi, akapitisha ukucha. Safi. Kipande cha pili kilimchukua muda mfupi zaidi. Alipomaliza aliviweka juu ya kiganja akavitazama, na lazima tumpe haki yake, ilikuwa kazi nzuri. Alijiona akimpokea mkewe mlangoni, akimwambia kwa sauti ya kawaida tu, kama jambo dogo, "Nenda kaiwashe."

Saa kumi alikuwa nyumbani, kasha limefunguliwa mezani, jua linaingia dirishani. Kipande cha kwanza kilikataa. Akakibonyeza kwa vidole gumba viwili. Kikakataa tena. Akasimama, akaongeza uzito wa mwili, na vibano vya pembeni vikajifunga kwa mlio mkavu, mlio uleule wa kufuli linalokubali. Alicheka peke yake. Cha pili nacho alikibembeleza hivyohivyo mpaka kikakaa. Akabonyeza swichi.

Feni ilizunguka. Taa ya buluu ikawaka. Fundi alikuwa amekwisha kuinua mikono juu aliposikia harufu, harufu ya plastiki iliyosahauliwa jikoni, kisha uzi mwembamba wa moshi ukapanda kutoka pale alipochomeka. Alirukia waya wa ukutani akaung'oa. Feni ikazunguka mizunguko miwili mitatu ya mwisho, ikasimama.

Alivichomoa vile vipande vyake. Akarudisha kile cha zamani, akafuta, akapuliza, akawasha. Hakuna feni, hakuna taa. Alijaribu tena mara sita, saba, mpaka akaona aibu kujitazama. Akakaa kwenye kiti cha mkewe, kile chenye mto, na mtu mzima wa miaka sitini na mitatu akaanza kusema na mashine: "Amka basi. Amka, tafadhali."

Asubuhi ya Jumanne Opereta alipiga simu. Fundi aliitazama ikilia kwanza.

"Umekwenda dukani?"

"Nimekwenda. Za nne zimeisha, mzigo unaingia Ijumaa."

"Walikuwa na za tatu tu?"

"Walikuwa nazo."

"Na wewe ukafanyaje?"

Hapa palikuwa na nafasi. Ilikuwa nafasi kubwa, ya kupitisha gari, na Fundi aliiona. Alifungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Nimeziacha hukohuko. Nasubiri Ijumaa."

Upande wa pili kilisikika kicheko, kicheko cha furaha hasa. "Umesubiri? Wewe?" Akamsikia akigeuka kuzungumza chumbani. "Dada, unasikia? Mume wangu amekuta kitu si chenyewe, amekiacha dukani!" Sauti ya dada mtu ikajibu kutoka kitandani, "Mpe hongera zake!"

"Dada anakupongeza," alisema Opereta. Sauti yake ilikuwa imelainika. "Na mimi nakushukuru, baba. Kweli kabisa."

Alipokata simu, Fundi alibaki ameishika. Kuunguza kompyuta kulikuwa kubaya. Hiki alichokifanya sasa hivi kilikuwa kibaya zaidi, na alijua kwa nini, maana alishawahi kukifanya: ni ileile kanda chini ya kabati. Mwanamke huyu alikuwa amemfungulia mlango mdogo kwenye kitu chake cha thamani kuliko vyote, na akijua kwamba mumewe ameingia kwa viatu vya tope na kuufunga nyuma yake kimyakimya, hatamfungulia tena. Wao hawakuwa wa kuachana. Kilichomtisha ni kuishi miaka iliyobaki na mtu anayemwambia hapo hapo panatosha.

Jumatano alilipakia kasha kwenye mkokoteni wa kukodi akalipeleka kwa fundi kompyuta, bwana mmoja mwenye upara na mikono midogo, anayefanya kazi chini ya taa yenye kioo cha kukuza. Bwana yule aliinua vile vipande viwili vilivyopigwa tupa akavitazama muda mrefu.

"Nani amefanya hii?"

"Mimi."

"Kazi safi sana," alisema, na hakuwa akitania. "Miaka yangu yote sijaona mtu amehamisha mwanya. Watu huvunja. Wewe umechonga." Kisha akavilaza chini. "Lakini hapa ulipokula meno, umeunganisha njia za umeme ambazo hazikutakiwa kukutana hata siku moja. Ya tatu ina mpangilio wake, ya nne wake. Hata ingeingia bila kulazimishwa, zisingeelewana. Umeuua ubao, mzee. Na ile ram ya zamani umeiua pia."

"Na sauti? Kuna vitabu mle ndani. Mke wangu amevisoma."

Fundi kompyuta aliichomoa diski, akaiunganisha kwenye mashine yake, akasubiri. Baada ya muda, sauti ya Opereta ikajaa kibanda cha fundi kompyuta, ikieleza kazi ya figo kwa utulivu kana kwamba hakuna baya lililotokea duniani. Fundi Funguo alijikaza kisabuni, lakini machozi yalimtoka, akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

"Diski ni nzima," alisema yule bwana, akizima. "Sikiliza, mzee wangu. Madabodi kama hii ninayo, aina ileile, imetumika kidogo. Ijumaa ukinunua ram zako za nne, niletee. Jumamosi asubuhi iko mezani inawaka. Mama hatajua hata kidogo."

Maneno hayo yalimwingia kama maji baridi kooni. Hatajua. Kwa muda Fundi aliyaona yote yamekaa sawa: mke anawasha, taa ya buluu, hongera za dada zinabaki halali. Kisha akamwona Opereta akifungua kasha kupanguza vumbi, miwani puani, akiusoma ubao asioujua. Anaifahamu mashine ile mpaka mikwaruzo yake. Lakini si hofu ya kukamatwa iliyomfanya ajibu vile alivyojibu. Alikuwa amechoka. Alikuwa amelala usiku mmoja tu na uongo ule, na hakutaka kulala nao miaka mingine kumi na mmoja.

"Usiiguse," alisema. "Mpaka mwenyewe aseme."

Ijumaa mzigo uliingia. Mwenye duka alimtolea pakiti moja yenye vipande viwili, DDR4, nane nane, kasi 3200, za mezani. Hakumuuliza za tatu ziliishia wapi. Alimtazama mikono tu, akaona vidole gumba vilivyovilia damu, akafunga mfuko. Fundi aliiweka ile pakiti katikati ya meza bila kuifungua, karibu na kasha lililokufa, alilokuwa amelirudisha nyumbani kwa mkokoteni uleule, na kila alipopita pale aligeuza uso.

Jumamosi mchana Opereta aliingia na begi lake, uso una vumbi la safari. Fundi alikuwa amepanga maneno tangu alfajiri. Yalikuwa na mwanzo, katikati na mwisho. Mkewe akaiona pakiti kabla hajavua viatu.

"Hizi ndizo zenyewe!" Aliinyanyua akaisoma pande zote. "Nane nane. Pakiti moja. Baba, umenitendea wema." Alimshika bega, akakaza kidogo, kisha akavuta droo kutafuta bisibisi.

"Usifungue kwanza," alisema Fundi. Maneno yote aliyoyapanga yalikuwa yametoweka. "Imeungua. Nilichukua za tatu, nikazipiga tupa nikazichomeka. Sauti zako ni nzima, nimezisikia. Lakini ubao umekufa."

Opereta aliweka bisibisi chini. "Lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu," alirudia. "Na mimi nilipiga simu Jumanne."

"Ndio."

"Kwa hiyo nilipokuwa nakusifu mbele ya dada yangu, ilikuwa imeshakufa."

"Ndio. Nilikudanganya." Fundi hakuweza kumtazama. "Nilitaka uone kwamba naweza."

"Sikukuomba uweze," alisema Opereta. Sauti yake haikupanda. "Nilikuomba ununue uweke mezani."

Alikaa kwenye kiti chenye mto. Akaufungua mfuniko wa kasha, akautazama ubao, akaweka kidole pale palipoungua. Kisha akasema Jumatatu atakwenda shuleni kuwasomea wanafunzi mwenyewe, darasani, sura kwa sura, hadi apate ubao mwingine. Alisema kama mtu anayejipangia safari peke yake.

"Kuna ubao kwa fundi kompyuta," alisema Fundi. "Aina ileile. Nimemwambia asiuguse mpaka useme."

"Nitakwenda kuuona mimi."

"Sawa."

"Unalijua lile duka lilipo?" aliuliza Opereta ghafla. "Liko mkabala na pale ninapopandia gari. Jumapili nilikaa pale nusu saa nzima nikisubiri, begi miguuni, mlango wao uko wazi. Siku hiyo za nne walikuwa nazo, niliziona kwenye kioo. Ningeweza kuvuka barabara nikanunua mwenyewe."

"Kwa nini hukuvuka?" aliuliza Fundi.

"Kila kitu mle ndani nilikitafuta mimi," alisema mkewe. "Mwaka na miezi miwili wewe umesimama nyuma yangu. Nilitaka kimoja kiwe kimetoka kwako."

Akainuka, akaenda chumbani na begi lake. Fundi alimfuata hadi mlangoni. Alimwona akitoa nguo za safari, akizikung'uta na kuzikunja upya moja moja kitandani, na yeye akabaki amesimama pale kizingitini, hajui kama aingie amsaidie au amwache.